Samaki wako wa beta anabadilika rangi, lakini siyo kwa sababu anaumwa (ila huo mkia uuangalie leo)

Mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili, nikaenda kumtazama wangu kwanza ndipo nikarudi kuandika.

Kwa wasiotaka kupanda juu kusoma: jamaa yuko Moshi, alinunua beta dume mweupe mwenye vidoa vichache vya buluu, amemweka kwenye bakuli la lita tatu juu ya meza. Miezi miwili imepita, samaki amekuwa buluu karibu mwili mzima, mkia umechanika upande wa chini, na kila asubuhi anakuta povu juu ya maji. Anauliza kama aliuziwa samaki aliyepakwa rangi, kama hilo povu ni ugonjwa, na kama amtafutie jike ili asiwe mpweke.

Naanza na la jike kwa sababu ndilo linaloweza kukuletea msiba usiku wa leo. Usimwekee.

Mimi nafuga beta mwaka wa saba huu, hapa Dar, na hilo kosa nililifanya mapema kabisa. Nilinunua jike mchana, jioni nikammimina kwenye tangi la dume kama napeleka bi harusi. Dakika za kwanza nilifurahi sana: dume alitandaza mapezi yote, akatunisha mashavu, akawa anamzunguka kwa madaha. Nikazima taa nikalala. Asubuhi jike alikuwa amejibana nyuma ya pampu, mkia umebaki vijiti, ubavu mmoja hauna magamba. Adhuhuri alifika, jioni hakufika.

Huyu samaki hana upweke tunaomfikiria. Kwao Thailand wanamwita pla kat, yaani samaki anayeng'ata, na watu wa huko walimfuga kwa ajili ya mapigano muda mrefu sana kabla hajawa pambo la mezani. (Mwaka 2019 serikali yao ilimfanya mnyama wa majini wa taifa, kwa hiyo huyo wa kwenye bakuli lako ni kama twiga wao.) Kila dume ana himaya yake. Jike huingia kwa shughuli ya mayai tu, ikiisha anafukuzwa, na asipopata pa kukimbilia ndiyo yale niliyoyaona.

Hilo povu, mkuu, ni kiota. Dume hupanda juu, anameza hewa, anaifunga kwa ute wa mdomoni na kuitema, kipovu kimoja kimoja, akipenda zaidi chini ya jani au pembeni panapotulia. Hujenga hata kama hajawahi kuona jike maishani mwake. Kwa hiyo haumwi. Ila usilichukue kama cheti cha afya pia, maana nimewahi kuona dume akijenga kiota kinene kwenye maji ambayo nilikuwa naona aibu kuwaonyesha wageni. Kiota kinakwambia amekomaa, basi.

Nilipokuja kuzalisha kwa utaratibu, jike akiwa kwanza ndani ya chupa iliyokatwa mdomo katikati ya tangi ili waonane siku mbili bila kugusana, niliona kiota kinafanya kazi gani. Jike aliye tayari hutoa mistari ya kusimama ubavuni, na chini ya tumbo anakuwa na kidoa cheupe kama punje ya mchele. Dume akajikunja kumzunguka mpaka wote wawili wakaganda, wakawa wanashuka taratibu kama wamekufa. Mayai meupe yakaanza kudondoka, madogo kama chembe za sukari. Dume akazinduka, akayafuata chini, akayakusanya mdomoni na kwenda kuyatema kiotani. Wakarudia hivyo karibu alasiri nzima. Nilikuwa na kazi ya ofisini nimeileta nyumbani siku hiyo, haikuguswa. Baada ya siku moja na nusu hivi watoto walikuwa wananing'inia chini ya povu, mkia chini, na kila aliyedondoka baba alimrudisha. Jike nilishamtoa zamani.

Sasa rangi, ambayo ndiyo hasa iliyokutisha.

Kupaka samaki rangi kupo, sitakudanganya. Kuna wale samaki wadogo wa Asia wenye mwili unaoonekana mpaka mifupa, walikuwa wakichomwa sindano ya rangi ili wauzike. Lakini rangi ya sindano hufifia kadiri siku zinavyokwenda. Wako anaongeza. Muuzaji gani atakupa rangi inayozidi kukolea miezi miwili baada ya kumlipa?

Ulichonacho ni beta wa marumaru, wale wa mabaka ambao rangi yao hubadilika yenyewe. Nilinunua wa hivyo mwaka 2020, mweupe pee, uso wa pinki, mama watoto akampa jina la Unga. Kama mwezi wa nne, kwenye pezi la mgongo kikatokea kidoa kama tone la wino. Nikadhani uchafu. Wiki iliyofuata tone lilikuwa limeenea, likashuka ubavuni, na kufika mwezi wa nane Unga alikuwa buluu mpaka mdomoni. Mama watoto alikuwa kwao Songea muda huo wote wa mwisho. Aliporudi, kabla hata ya kufungua begi, akasimama mbele ya tangi akaniuliza samaki mpya nimemnunua shilingi ngapi. Nilitoa simu nikamwonyesha picha zote kwa mpangilio wa tarehe na bado sidhani kama aliniamini. Mwaka wa pili pezi la tumbo likarudi jeupe, kama vile anatukejeli.

Sababu yake ni kipande cha jeni kinachohamahama. Kikiingia mahali kinazima rangi, kikitoka rangi inarudi, na kinafanya hivyo kwenye seli za mwili samaki akiwa hai, siyo kwa watoto wake tu. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuahidi wako ataishia na sura gani. Wafugaji husimulia kuwa marumaru walianzia Marekani, kwa mfungwa wa gereza moja la Indiana aliyekuwa akizalisha beta kwenye machupa ya siagi ya karanga. Hawa wanaoitwa koi, nemo na galaksi, ambao ndio wanaouzwa ghali siku hizi, wote wana damu hiyo. Wauzaji wengi wanalijua hili na hawasemi. Ukitaka beta atakayebaki alivyo, chukua mwekundu mtupu au buluu mtupu ambaye hata wazazi wake hawakuwa na mabaka.

Na buluu yenyewe ina kisa chake. Nyekundu na nyeusi ya beta ni rangi kweli, iko ndani ya seli. Buluu siyo. Ni fuwele ndogo sana ndani ya ngozi zinazorudisha mwanga. Zima taa ya chumba, mmulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kisha sogeza mkono taratibu mpaka juu yake: utaona ile buluu inawaka, inageuka kijani, inazima. Aliyepakwa hawezi kufanya hivyo.

Kundi langu la kwanza la watoto lilinichanganya kwa sababu hiyohiyo. Baba buluu iliyokolea, mama buluu iliyokolea, watoto wakatoka wa namna tatu: buluu kama wazazi, wengine kijani cha feruzi, wengine buluu ya kijivu kama bati jipya. Nilianza kumtilia shaka aliyeniuzia jike. Kumbe buluu iliyokolea ni mchanganyiko, nusu feruzi nusu bati, na ukioanisha wawili wa hivyo, nusu ya watoto hufuata wazazi, robo wanakuwa feruzi, robo bati. Ukitaka watoto wote wawe buluu iliyokolea, oanisha feruzi na bati. Mzee mmoja mfugaji wa kuku, aliyezoea mambo ya kuoanisha, alinielewa haraka kuliko vijana wote niliowaeleza.

Kuna mabadiliko mengine ya rangi ambayo siyo ya jeni, na hayo ndiyo ya kuyaogopa. Jeni huchukua wiki na miezi. Hofu na ugonjwa huchukua saa au siku. Beta akipauka ghafla na kutoa mistari miwili mitatu ya kulala, kutoka kichwani kwenda mkiani, ametishika: maji ni baridi, amehamishwa, au anaona kitu. Akiwa na vumbi la dhahabu mwilini ukimmulika tochi, au chembe nyeupe kama chumvi, huo ni ugonjwa wa vimelea. Magamba yakisimama kama koni ya msonobari na tumbo limejaa, mara nyingi umechelewa. Kidevu kuwa kijivu ni uzee tu; wanaishi miaka miwili hadi minne, na hao wa dukani wanafika kwako wakiwa tayari na miezi kadhaa.

Lakini kabla ya rangi, mimi huangalia anavyokula. Nikisogeza kidole juu ya maji asubuhi, mzima anakuja mbio. Asipokuja siku mbili, hapo naanza kuhangaika, hata kama rangi yake inang'aa kama kanga mpya.

Huo mkia. Kuchanika kuna namna tatu na hujatuambia wako ni upi. Kama kipande kimeondoka kwa usiku mmoja, kimekatika kwa duara kama biskuti iliyong'atwa, anajing'ata mwenyewe. Wenye mikia mikubwa ya nusu mwezi hufanya hivyo wakichoka kuibeba au wakikasirishwa kutwa; wangu alianza nilipomweka jirani na dume mwenzake bila kuweka kadi ya kuwazuia wasionane kati ya matangi, akawa anatunisha mashavu asubuhi hadi jioni. Angalia kama bakuli lako halijageuka kioo kwake taa ikiwaka. Kama ni mpasuko ulionyooka, kuna kitu kinamkwaruza. Pitisha soksi ya nailoni juu ya mapambo yako ya plastiki, ikinasa, yatoe. Kama ukingo umekuwa mweusi au mwekundu na mkia unapungua kila siku, hapo mapezi yanaoza, na karibu kila mara chanzo ni maji. Ukiona utando mwangavu kama nailoni pembeni, usimwage dawa. Hiyo ni nyama mpya inaota.

Na bakuli la lita tatu halitoshi, mkuu, hapo sikubembelezi. Watu husema beta anaishi kwenye dimbwi la unyayo wa nyati. Kwao anaishi kwenye mashamba ya mpunga na mabwawa ya nyasi, maji ya kina kifupi lakini mapana, na yana joto. Lita tatu hujaa sumu ya uchafu wake kwa siku chache, na Moshi mwezi wa saba usiku maji hayo yanapoa kupita kiasi. Anataka nyuzi 24 hadi 28. Sisi wa Dar hatuna shida hiyo, wewe utahitaji hita ndogo. Tafuta tangi la lita 20, kichujio chenye mkondo mpole, mfuniko kwa sababu anaruka, na nafasi ya vidole vitatu kati ya maji na mfuniko maana huvuta hewa ya juu kama sisi. Ukishindwa kabisa wiki hii, hata ndoo nyeupe safi ni bora kuliko hilo bakuli.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, na ubadilishe robo kila wiki, usibadilishe yote. Beta wangu wa kwanza kabisa alikufa kwa usafi: nilimwaga yote, nikasugua tangi, nikajaza moja kwa moja kutoka bombani.

Sisi wa pwani tuna dawa ambayo wenzetu wa ng'ambo wanainunua kwenye pakiti: jani la mti wa mkungu (siyo mkungu wa ndizi). Siyo la kijani, lile kavu la kahawia lililodondoka lenyewe. Lioshe, liweke moja kwa ndoo ya lita 20, maji yatakuwa rangi ya chai nyepesi na mapezi yanapona vizuri humo. Mtu akitoka Tanga au Dar akuletee kumi, hayana uzito.

Chakula mpe viluwiluwi vya mbu, vitano sita asubuhi, ukivikamata kwa chujio la chai kwenye ndoo yako mwenyewe, siyo kwenye mtaro. Vimalize kabla havijaota mabawa, majirani hawatakuelewa.

Leo usiku mmulike ule ukingo wa mkia, piga picha ya ubavuni, iweke hapa, na utuambie ni lini mara ya mwisho ulibadilisha maji na kiasi gani.