Kiwanja cha Kange na kozi ya uchoraji: jibu langu kutoka Uingereza

Mtoto wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, ameniandikia kutoka Tanga akiniuliza mambo matatu: kama kozi ya uchoraji wa vitabu niliyoisoma Uingereza ina maana, kama mtu akihitimu anapata kazi, na kama mama yake auze kiwanja chao cha Kange, hukohuko Tanga, ili kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Kwa kuwa maswali ya namna hiyo nimeulizwa na watoto wa watu wengi, nimeona nijibu kwa maandishi, ili na wengine wasome.

Mwanangu, naanza na kile ambacho picha ninazoweka mtandaoni hazikuonyeshi. Mama yako mdogo yuko hapa leo kwa sababu aliolewa. Nilihitimu mwaka 2021, nikafanya kazi kwa viza ya wahitimu, ile ya kubaki baada ya masomo, kwa miaka miwili, na ilipokaribia kwisha sikuwa na mwajiri hata mmoja wa kunidhamini nipate viza nyingine, ingawa wakati huohuo nilikuwa na kazi mbili mezani na wateja waliokuwa wakinitafuta wenyewe. Aliyenibakiza ni mume wangu, mzaliwa wa hapa mwenye asili ya Unguja. Kalamu peke yake isingenibakiza. Tungeoana hata hivyo, lakini tungeoana kwa nafasi, na bibi yako angehudhuria, badala ya kufunga ndoa huku tukihesabu siku zilizosalia kwenye kibali. Nikikuficha hilo, mengine yote nitakayokueleza yatakupotosha hata kama ni ya kweli.

Nilifika Septemba 2018 katika chuo cha sanaa kilichoko kwenye mji mmoja wa pwani ya kusini. Sikitaji jina, kwa sababu si yote nitakayoyasema yatakipendeza. Nilikuja nikijiona fundi. Shuleni kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikichora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwenye karatasi za manila, na mtu akiniletea picha iliyofifia ya marehemu baba yake nilimchora kwa penseli mpaka kope zikahesabika. Wiki ya pili mwalimu akalifungua jalada langu, akapitia karatasi moja baada ya nyingine bila haraka, kisha akaniambia kwamba penseli inanitii, hilo ameliona, na sasa anataka kujua ninataka kusema nini. Sikuwa na jibu. Nilikaa muhula mzima sina jibu, na katika muhula huo hakuna nilichochora kilichompendeza mtu, mimi mwenyewe nikiwamo.

Elewa kwanza kwamba idara ya namna hii haikufundishi kuchora kwa maana tunayoijua sisi, ya mwalimu kusimama ubaoni na wewe kufuatisha. Unapewa kazi, mathalani kuchora mashairi matatu au safari ya basi kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, unaachiwa wiki tano, na mwisho hutahiniwi kwa picha iliyokamilika peke yake bali kwa madaftari ya michoro: umejaribu njia ngapi, umekosea wapi, na kosa hilo umelifanyia nini. Mimi nilikuwa nikichana kurasa zilizoharibika ili daftari langu lionekane safi, na ndiyo maana matokeo yangu ya kwanza yalikuwa mabaya. Nilipoacha kuchana, alama zikapanda.

Walimu nilikuwa nao siku mbili kwa wiki. Zilizobaki ni zako na meza yako. Wenzangu wa hapa walikuwa wakilipa pauni 9,250 kwa mwaka, na mimi mgeni zaidi ya pauni 15,000 kwa saa zilezile, mwalimu yuleyule na baridi ileile ya madirishani. Kilichonipoza moyo ni karakana ya uchapaji, ambako nilijifunza kukata lino (kuchonga picha kwenye bapa laini na kuipiga chapa), kuchapa kwa skrini ya kitambaa na kutumia risografu, mashine ya Kijapani inayofanana na fotokopi ya kawaida ila huchapa rangi moja moja, hivyo picha ya rangi tatu unaipitisha mara tatu na kila mara inakaa kombo kidogo. Ukombo huo ndio uliokuja kuwa mtindo wangu. Jumamosi nilikuwa nikitoka mle na wino wa bluu kwenye kucha na kwenda nao moja kwa moja kuosha vyombo hotelini.

Kila Alhamisi tulibandika kazi ukutani na darasa zima likazijadili, na wewe mwenyewe umesimama hapo. Waingereza hawasemi kwamba kitu ni kibaya. Husema kinavutia, na ilinichukua mwaka kutambua kwamba neno hilo kwao ni namna ya kukataa kwa adabu. Siku moja nilibandika picha ya bibi yako jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nazi yenyewe nilikuwa nimeificha kwenye kiganja chake, kwa sababu kwetu nani asiyejua? Kimya. Kisha mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini mwanamke huyo amekalia silaha. Mwingine akadhani ni ala ya muziki. Nikaanza kueleza, mwalimu akanyoosha mkono kunizuia, akasema kitabu kikishauzwa sitakuwapo kwenye chumba cha mtoto kukieleza. Nilirudi nikachora kifuu, machicha yakidondokea kwenye sinia, na tui likikamuliwa pembeni kwa kifumbu, bila maelezo hata neno moja. Mara ya pili hakuna aliyeuliza. Nikitakiwa kutaja somo moja lililostahili ada, ni hilo la mbuzi ya nazi.

Lililonichosha ni jingine. Mwalimu wa pili, mtu mwema kabisa, hakuacha kuniuliza kwa nini rangi zangu si za Kiafrika. Alikuwa na Tingatinga kichwani. Nami namheshimu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye mbao nyembamba, akafariki mwaka 1972 na kuacha nyuma yake mtindo mzima unaolisha watu hadi leo. Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Rangi nilizokulia ni kijivu cha bahari wakati wa masika, kutu ya mabati ya Ngamiani na kijanikijivu cha mkonge. Nilipowaletea hizo waliniambia ni za Kiingereza. Utaliona hilo, na usipokuwa na msimamo utajikuta unachora twiga kwa miaka mitatu.

Sasa nije kwenye kiini. Mwaka wa pili mwenye mgahawa mmoja aliona michoro yangu, akaniomba nimchoree ukuta kwa pauni 200. Nilipouliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni nikaambiwa nisithubutu: viza ya mwanafunzi inakuruhusu kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini inakukataza kujiajiri, na kupokea kazi ya kuchora kwa mteja ni kujiajiri, hata ikiwa ni picha moja. Kwa hiyo niliruhusiwa kuosha sufuria za mgahawa ule, sikuruhusiwa kuchora ukutani mwake. Wenzangu wakachora mabango ya matamasha, majalada ya santuri na lebo za bia, wakamaliza chuo wakiwa na kazi zilizochapishwa na wateja wanaowajua kwa majina. Mimi nikamaliza na madaftari mazuri. Hakuna aliyenieleza hayo kabla sijalipa, na sikujua kwamba ni jambo la kuuliza.

Hata hiyo viza ya wahitimu niliipata kwa bahati. Mlango wa kubaki baada ya masomo ulikuwa umefungwa tangu mwaka 2012. Mimi niliingia nikijua nitarudi nyumbani. Ukafunguliwa tena Julai 1, 2021, wiki chache baada ya maonyesho yetu ya kuhitimu, ambayo kwa sababu ya korona yalifanyika kwenye skrini tu. Nililipa pauni 700 za maombi na 624 za huduma ya afya kwa kila mwaka, jumla karibu pauni 2,000 ambazo sikuwa nazo, nikabeba boksi kweli, ghalani, zamu za usiku. Viza hiyo inaruhusu kujiajiri, na hapo ndipo nilipoanza kuchora kwa malipo, nikiwa nimechelewa miaka miwili nyuma ya darasa langu.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Hakuna ofisi inayokuajiri kuwa mchoraji wa vitabu. Wachache huajiriwa kwenye michezo ya kompyuta au katuni za televisheni, wengi wetu tunafanya kazi kwa kuagizwa. Unatuma barua pepe kwa wakurugenzi wa sanaa wa wachapishaji, arobaini, hamsini, wanajibu wawili. Ukipata wakala, anachukua robo ya kipato chako au zaidi. Kitabu cha picha cha watoto huwa na kurasa 32, ni kazi ya miezi sita au zaidi, na malipo ya awali huja vipande vipande: ukisaini, ukiwasilisha rasimu, ukikamilisha, baina ya kipande na kipande unakula nini ni juu yako. Mrabaha huuoni mpaka kitabu kirudishe kwanza malipo hayo ya awali, na vingi havirudishi. Kabla ya Januari 31 kila mwaka unapeleka hesabu zako kwa mtu wa kodi.

Lipo jambo moja la biashara hiyo ambalo ningependa wachoraji wote wa nyumbani walijue. Hapa huuzi picha. Unauza ruhusa ya kuitumia. Mkataba unasema itumike wapi, kwa muda gani, katika nchi zipi, na hakimiliki inabaki yako, kiasi kwamba mteja akitaka kuiweka kwenye fulana baadaye anakulipa tena. Kuna chama cha wachoraji, Association of Illustrators, kilichoanzishwa mwaka 1973, kinachowasomea wanachama mikataba na kuwashauri bei. Kuna hata malipo ya serikali kwa mchoraji aishiye hapa kila kitabu chake kinapoazimwa maktaba. Yangu ya kwanza yalitosha kununua viatu vya mvua, nami nilivinunua kwa madaha.

Lakini darasani tulianza watu arobaini na kitu, na ninaowajua mimi wanaokula kwa kuchora peke yake hawazidi watano. Wengine ni walimu, mmoja ni kinyozi, mmoja anaendesha treni na husema hajawahi kuchora vizuri kama sasa. Mimi nafanya kazi siku mbili kwa wiki karakana ya sanaa ya shule moja, kukata karatasi na kuosha brashi za watoto wa watu, na siku zilizobaki nachora. Mwaka 2022 zilipotoka programu za kutengeneza picha kwa kompyuta, kazi ndogondogo zilizokuwa zikinilipia umeme, kama picha za makala na majalada ya bei ya chini, zilipungua mikononi mwangu, na kazi hizo ndizo mhitimu huanzia.

Na mlango umezidi kuwa mwembamba. Mimi mwaka 2018 nililipa pauni 150 za afya kwa mwaka. Mwanafunzi sasa analipa 776. Fedha za kujikimu za miezi 9 hutakiwa kukaa benki siku 28 mfululizo bila kuguswa. Viza ya wahitimu itakuwa miezi 18 tu kwa watakaoiomba kuanzia Januari 1, 2027, yaani wewe. Baada yake inatakiwa kazi yenye mdhamini na mshahara ambao, kwa kiwango cha kawaida kilichowekwa mwaka 2025, ni pauni 41,700. Nionyeshe mchapishaji anayemlipa hivyo mchoraji aliyehitimu jana. Sheria hiyo inamtafuta mwenye mwajiri, na sisi hatuna mwajiri. Ipo viza ya vipaji kwa wasanii, lakini huombwa na aliyekwisha kujulikana.

Je, kozi ina maana? Ina maana, ningeisoma tena. Jicho nililonalo leo sikuja nalo. Ila ningeisoma kwa ufadhili, au ningefanya shahada ya kwanza nyumbani, nichapishe kwanza huko, kisha nije kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja nikiwa na wateja tayari. Kuchora kwa ajili ya mchapishaji wa London ukiwa Tanga hakuhitaji viza hata kidogo. Picha huja kwa barua pepe, na mimi mwenyewe wahariri ninaofanya nao kazi wengi sijawahi kuwaona kwa macho. Maonyesho ya wachoraji ya Bologna, Italia, yanayofanyika kila mwaka kwenye soko la vitabu vya watoto, hupokea michoro mitano kutoka kwa mtu wa nchi yoyote. Tuanzie hapo. Nitumie daftari lako zima kwa picha za simu, ukurasa kwa ukurasa, na zile ulizotaka kuchana zitume pia.

Mama yako mwambie asimwite dalali bado. Ijumaa baada ya swala nitampigia.