Maswali na majibu: Nta imekwenda wapi?

Mwalimu, mshumaa ukiwaka unaisha. Mnaposema tungamo (kiasi cha maada kilichomo katika kitu) halipotei, hiyo nta imekwenda wapi?

Imetoka kama hewa, tena imetoka na uzito mkubwa kuliko ilivyoingia. Chukua gramu 352 za nta ya aina ya C₂₅H₅₂, yaani iliyoundwa kwa kaboni na haidrojeni. Ili iungue yote, inavuta gramu 1,216 za oksijeni. Zinatoka gramu 1,100 za kaboni dioksidi na gramu 468 za maji. Jumlisha kila upande: 1,568. Hayo maji unaweza kuyaona. Shika bilauri kavu, ya baridi, kwa kuifudikiza juu ya mwali, na ndani yake utatanda ukungu mwembamba. Shida yetu ni kwamba tumezoea kuhesabu hewa kama si kitu.

Nilichoma nyuzi laini za chuma juu ya mizani nikitegemea uzito upungue. Ukaongezeka! Mizani mbovu?

Mizani haina kosa. Mwanzo ulipima chuma peke yake. Mwisho umepima chuma pamoja na oksijeni kilichoinasa.

Hili liliwahi kumponza mtu mzito. Katika karne ya 17, mwanasayansi Robert Boyle alipasha metali moto ndani ya chupa iliyozibwa, akaifungua, ndipo akapima, akakuta uzito umeongezeka. Hewa ilikwisha kuingia, naye akadhani moto umepenya kioo. Mwaka 1756 mwanasayansi Mrusi Mikhail Lomonosov alirudia bila kufungua: uzito ukabaki uleule. Mwaka 1774 mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alifanya hivyo kwa stani (metali ya bati), akapima kwanza, kisha ndipo akafungua. Tofauti yote ya majibu ilikuwa katika kuzibua chupa mapema au kuchelewa.

Nimechanganya siki na bikaboneti ya sodiamu, nikavalisha puto mdomoni mwa chupa ili gesi isitoroke. Bado uzito umepungua kidogo.

Swali zuri kuliko yote leo. Gesi huenda haikutoroka hata chembe. Puto likivimba linasukuma hewa pembeni, na hewa nayo inalinyanyua, kama maji yanavyonyanyua boya. Kila lita moja ya uvimbe hupunguza karibu gramu 1.2 kwenye mizani. Rudia kwa chupa ngumu ya plastiki ya soda, yenye kifuniko cha kukaza, na bikaboneti gramu 1 tu. Chupa ya kioo usiiguse, inaweza kupasuka.

Molekuli, yaani vifungu vya atomu zilizoungana, nazo hazipotei?

Hupotea. Mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni hutoa mbili za maji: zimeingia tatu, zimetoka mbili. Atomu ndizo zisizobadilika idadi.

Na kanuni ya Einstein, E = mc²? Si inasema tungamo hugeuka nishati?

Ni kweli, joto linalotoka huondoka na tungamo lake. Gramu 16 za methani zikiungua hutoa kilojuli 890 hivi, na tungamo linaloondoka ni kama gramu 0.00000001. Mizani ya maabara yako haina habari nalo.