Gruvu za MIDI zikipotea, usikimbilie kusakinisha upya

Jumamosi moja wanakwaya sita walikuwa wamekaa kwenye benchi la studio yangu Sinza, wananisubiri. Nikafungua programu ya dramu. Ngoma zinalia vizuri kabisa, ila upande wa gruvu, yaani midundo iliyopangwa tayari, ni mweupe, hakuna hata mdundo mmoja. Nikaanza kupakua maktaba nzima upya. Bando la wiki likakata kabla ya saa sita mchana, wale ndugu wakarudi makwao bila kurekodi. Iliniuma sana.

Nilidhani sauti na gruvu ni kitu kimoja. Sauti ni rekodi za ngoma halisi, zinakula gigabaiti nyingi. Gruvu ni faili za MIDI, zenye jina linaloishia na .mid, za kilobaiti chache tu, hazina sauti ndani: zinaeleza ngoma ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani. Mara nyingi hukaa folda tofauti. Kwangu sauti zilikuwa kwenye laptopu, gruvu kwenye eksteno (diski ya nje). Siku ile nilitangulia kuchomeka flashi ya mteja, Windows ikaipa herufi E, eksteno ikaangukia F. Programu ikabaki inazitafuta gruvu kwenye E.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta *.mid kwenye eksteno. Zikionekana, hujapoteza kitu. Chomoa flashi, kisha ingia Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, uirudishie eksteno herufi yake. Kama unaanza upya, ipe herufi ya mbali kwenye alfabeti, mimi natumia M, kisha uionyeshe programu njia mpya na uiamuru ikague folda tena. Tazama na kichujio cha mapigo: ukikiacha kwenye 4/4 jana, gruvu za 6/8 huzioni leo.

Mteja akiwa ameshakaa, buruta faili ya .mid kutoka kwenye folda uitupie kwenye traki. MIDI ipo tangu 1983, programu nyingi za kurekodi muziki zinaisoma. Ukisikia toazi mahali pa ngoma ya mguu, rekebisha ramani ya noti: kwa General MIDI, yaani mpangilio wa pamoja wa noti, ngoma ya mguu ni 36, sinea (ngoma ndogo kali) ni 38.

Na zile gruvu ulizopiga mwenyewe, ndugu yangu, hasa za singeli zinazopita BPM 200 (mapigo 200 kwa dakika), huwezi kuzipakua popote. Zinakili leo kwenye flashi nyingine, uiweke mbali na studio.