Dawa ya kupe kichwani mwa mtoto? Hapana, dada, rudi kwenye kichana

Weka hiyo chupa chini kwanza. Funga kifuniko, itoe nyumbani, ndipo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba binti yako wa miaka 6 ana chawa, na hutaki kumnyoa kwa sababu ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, ya shangazi yake. Ulimchana mara moja kwa kichana cha chawa, wakatoka wengi, na baada ya wiki wameonekana tena. Umeuliza mashuka uyafanyeje, na kama ni sawa kumpaka "kidogo tu" ile dawa ya kupe aliyokushauri jirani. Mikono imenitetemeka niliposoma. Hayo yote yalinipata mimi, hapa Busia, miaka mitatu iliyopita.

Mimi pia nilichana mara moja tu. Nilimkalisha binti yangu mlangoni kwenye mwanga, nikatoa chawa hadi kitambaa kikachafuka, nikalala nimeridhika. Siku ya nane au ya tisa akaanza tena kujikuna. Nikaamua kwamba kichana hakina nguvu. Hakuna aliyeniambia kwamba kichana kilifanya kazi yake, na wale niliowaona walikuwa watoto wa chawa waliotoka kwenye mayai. Yai limegandishwa kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, na huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Kumchana mara moja kunamwondoa mama, mayai yanabaki.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Yule kijana hakuniuliza mtoto ana umri gani wala uzito gani. Alinimiminia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda, bila karatasi yoyote, akasema nichanganye na maji, nimpake, kisha nimfunge kichwa kwa kavera, mfuko wa plastiki, "ili wasipate hewa". Nikamfunga. Kichwa chenyewe kilikuwa na vidonda vya kujikuna.

Haikupita saa moja. Mate yakaanza kumtoka bila kukoma, machozi, jasho, akatapika. Nilipomwangalia machoni mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Misuli ya mikono ikawa inamcheza yenyewe. Nikampakata kwenye bodaboda, kavera bado kichwani, maana sikuwa na akili ya kulitoa. Hospitalini walimvua nguo zote, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, wakiwa wamevaa glavu, huku daktari akiniuliza: dawa gani? Nikamwonyesha chupa ya soda. Dawa gani, mama? Sikuwa na jibu. Mume wangu alilazimika kumtafuta yule kijana usiku, amgongee mlango, apate kusoma jina kwenye kopo lenyewe. Ilikuwa ile aina inayozuia mishipa ya fahamu isitulie, kila tezi na kila msuli ufanye kazi bila kupumzika, mpaka hata kupumua kunashindikana. Walimdunga atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, wakarudia, wakarudia tena. Tulilala pale siku tatu.

Nikipita mbele ya lile duka hadi leo hasira zinanipanda. Mtu anayeuza sumu ya ng'ombe anajua fika ni sumu, kwa sababu yeye mwenyewe anaipima akiwa amevaa glavu! Na jirani anayekwambia "sisi tulipakwa na hatukufa" akuonyeshe kwanza wale waliopakwa wakafa. Mafuta ya taa nayo usijaribu. Yanachoma ngozi, na jikoni kwetu kuna sigiri inawaka muda wote.

Siku ya pili wodini nesi alipasua nywele za binti yangu, akanionyesha mayai bado yamegandia palepale.

Basi shika hili moja: mchane siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Usiruke hata kama hukuona kitu. Chawa mchanga akianguliwa anahitaji zaidi ya wiki moja kukomaa ndipo atage, nawe unamkuta kabla hajafika huko. Siku ya 13 ukimwona hata mmoja, anza kuhesabu upya.

Nywele zetu ni ngumu, kichana kikavu hakipiti, na mtoto atalia mpaka uache. Osha, zipake kondishona nyingi zikiwa mbichi, fungua mafundo kwa chanuo la meno mapana, kisha zigawe mafungu madogo madogo. Ndipo uingize kichana cha chawa, cha chuma, hadi kiguse ngozi, ukivute mpaka mwisho wa unywele. Futa kwenye kitambaa cheupe kila ukivuta. Anzia kisogoni na nyuma ya masikio, huko ndiko wanakojificha. Kwangu ilikuwa kama saa nzima, na muda wote nilikuwa nikimsimulia hadithi za sungura.

Wote wanaolala naye kitanda kimoja wakague siku hiyo hiyo. Chawa haruki wala harukiruki, anatembea kutoka kichwa hadi kichwa vikigusana. Mashuka fua kwa maji ya moto, basi. Akiwa nje ya kichwa hamalizi siku mbili.

Leo ni Jumamosi. Ukianza jioni hii, unarudia Jumatano, halafu Jumapili, halafu Alhamisi. Kondishona ikikushinda bei, niandikie hapa tuone la kufanya, lakini ile chupa irudishe kwa mwenyewe leo hii, kabla giza halijaingia.