Mtoto kapimwa wiki ya sita hana VVU, mbona kliniki wanamwita tena?

Mleta mada, umesema dada yako anaishi na VVU, mtoto wake alipimwa akiwa na wiki sita, majibu yakaja hana maambukizi, na sasa kliniki wanapiga simu arudishwe akitimiza miezi tisa. Ndugu mnaona anasumbuliwa bure. Mimi ni muuguzi, nimekaa miaka mingi kitengo cha mama na mtoto hapa Tanzania, na naomba nijibu kwa kirefu maana hapo ndipo watoto wengi wanapotupotea.

Jibu la wiki sita ni la kweli, lifurahieni. Ila linahusu ujauzito na kujifungua tu. Mtoto bado ananyonya, na muda wote anaonyonya virusi vinaweza kumfikia. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa vizuri, wanashuka chini ya 5. Hao wachache wapo, na dawa hurukwa kwa sababu ambazo sisi wa kliniki tunazijua: mama kaenda msibani siku nne, mume hajaambiwa, vidonge vimefichwa kwenye kopo la unga na wifi yuko jikoni.

Kuna aliyechangia hapo juu kwamba mtoto apimwe tu kile kipimo cha haraka cha watu wazima. Hapana. Kile kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupambana na kirusi, na mtoto huzaliwa na za mama yake, zinaweza kukaa mwilini hadi miezi 18. Kinaweza kusema ana VVU na kumbe hana. Ndiyo maana tunatumia kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

Mama anampakata mtoto, mguu unaning'inia ili damu ishuke, tunaupasha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha tunachoma pembeni mwa kisigino. Tone la kwanza linafutwa. Yanayofuata yanadondokea kwenye vile viduara vya karatasi maalumu, kila kimoja kijae mpaka damu itokeze upande wa pili. Karatasi inakaushwa kivulini kwa saa kadhaa bila kuguswa, ndipo inafungwa na kusafirishwa maabara. Damu ikiwa kidogo, au karatasi ikifungwa mbichi, sampuli inakataliwa na mama anaitwa upya. Penye mashine ya GeneXpert, inayopima kirusi hapo hapo kituoni, majibu hupatikana siku hiyo hiyo, lakini siyo kila zahanati inayo.

Sasa fikiria mama mmoja alijifungulia kwa wazazi wake mkoa mwingine, namba aliyoandikisha ni ya jirani, na huko alikohamia kamfungulia mtoto kadi mpya bila kusema lolote kwa kuogopa maneno. Kwenye daftari letu mtoto huyo anabaki na mstari mtupu. Hatujui kama yuko hai, anameza septrini (dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi), au ameshaanza kuugua. Inaniuma kila ninapofungua ukurasa wa namna hiyo. Mtoto aliyeambukizwa anaugua haraka: bila dawa, karibu nusu yao hawafikishi miaka miwili. Akigundulika anaanzishiwa dawa mara moja, sampuli ya pili ya kuthibitisha ikiwa inaendelea kupimwa.

Kwa hiyo dada aende miezi tisa. Aendelee kumeza dawa na aulizie kipimo chake mwenyewe cha wingi wa virusi. Mtoto apimwe tena miezi 18 na baada ya kuacha kabisa kunyonya. Ziwa likiendelea baada ya miezi 18, jibu la mwisho linasubiri. Akihama achukue barua ya uhamisho, na aache namba mbili, moja ya mtu anayeijua siri yake. Kama mtu huyo ni wewe, mwambie leo aandikishe yako.