Siku tulipoanza kulipana mshahara

Kikundi chetu cha kuwasomesha watoto jioni, hapa Tanga, kilikwenda miaka sita bila mtu kulipwa hata nauli. Tulipopata ufadhili wa kuajiri mratibu mmoja, tukampa dada aliyejituma kuliko wote. Hatukutangaza nafasi. Tunajuana, tangazo la nini?

Haikupita miezi miwili, kauli ikawa moja: "Mwachie anayelipwa." Mama aliyekuwa akifungua darasa kila Jumatatu akaacha kuja. Vijana wakaacha kufagia. Mratibu akabaki kufanya kazi ya watu wanane hadi saa tatu usiku, akiona haya kuomba likizo, maana juzi tu alikuwa mwenzetu. Msiwaite wavivu. Walijitolea wakijua wote tuko sawa, nasi tukaubadilisha mpango huo bila kuwaambia.

Nanyi mkipata ufadhili wa kuajiri, itisheni kikao kabla hela haijaingia. Tajeni mshahara kwa tarakimu, mbele ya wote; mkiuficha, mtaani utatajwa mara tatu yake. Andikeni kazi zipi ni za mwajiriwa na zipi zinabaki za kujitolea. Tangazeni nafasi hata kama mnahisi nani ataipata. Na mjumbe wa kamati anayeitaka ajiuzulu kwanza: dada yetu alikuwa mweka hazina, akasaini mwenyewe hundi ya mshahara wake wa kwanza. Hakuiba hata senti, lakini maneno yalishatembea.

Halafu hesabu. Tuliandika shilingi 500,000 kwenye bajeti tukaona tumemaliza. Kumbe mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, nasi tuligawana nusu kwa nusu: 50,000 zake, 50,000 zetu. Kodi ya mshahara ikamkata 14,400. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ukatudai 2,500. Yeye akapokea 435,600 akahisi tumempunja. Sisi tukatoa 552,500 na bajeti ikapwaya mwezi wa kwanza tu. Mwombeni mfadhili gharama yote ya mwajiriwa, si mshahara peke yake, na mwombeni kabla ya kusaini mkataba. Baada ya hapo, sisi hatukuongezewa kitu.

Yule mama wa Jumatatu nilimfuata nyumbani, nimejiandaa kwa swali la malipo. Akanikaribisha chai, kisha akauliza funguo za darasa siku hizi anakaa nazo nani.