Re: Nimpe binti yangu vitabu vya Laura Ingalls Wilder?

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 9 asome hivyo vitabu ulivyovipenda utotoni, vya yule mwandishi Mmarekani aliyeandika hadithi za familia yake, mimi nasema mpe ila usome naye. Nimekirudia Little House on the Prairie mwaka huu, yale mambo ya kujenga nyumba ya magogo na kuchimba kisima bado matamu sana, lakini kuna maneno yalinichoma, kwa sababu familia ya Laura ilijenga Kansas kwenye ardhi ya Waosage, wenyeji asilia wa Marekani, yaani ilikuwa bado yao kabisa, na kitabu kinawaonyesha hao wenye ardhi kama ndo wavamizi. Toleo la 1935 lilisema kule hakuna watu, ni Wahindi Wekundu tu (!!), mpaka 1953 ndo wakabadilisha wakaandika hakuna walowezi. Mtoto anaelewa ukimuuliza tu, hawa wenye ardhi walienda wapi?

Halafu mtafutie na The Birchbark House ya Louise Erdrich, ya 1999, ni hadithi ya binti wa Kiojibwe, nao ni wenyeji asilia, anaitwa Omakayas, mwaka 1847, kuna msimu wa baridi ndui inaingia kijijini, hapo nililia kweli, kaa naye karibu akifika hapo.